Kwa Nini Akina Mama wa Kyandulu Hawaingii

Jumatatu, 8 Mei 2006

Leo katika kilabu cha kompyuta Mwalimu Wachira ametugawia madaftari. Amesema tusiandike tunayoyajua, kwa kuwa hayo tutayaandika kwenye mtihani. Tuandike tusiyoyaelewa, kila moja na tarehe yake. Janice, anayekaa nami dawati moja, akaninong'oneza, "Basi mimi daftari moja halitanitosha."

Mimi ni Munyiva Nthiwa, kidato cha pili, shule ya kutwa ya wasichana hapa Parklands. Naishi Lavington, lakini si katika nyumba ambazo watu hufikiria wakisikia jina hilo. Naishi nyuma ya mojawapo, katika chumba cha wafanyakazi, kwa sababu Mama ndiye mpishi.

Mradi wetu ni huu. Kuna ofisi mjini inayopeleka intaneti vijijini. Kila kijiji kinapewa dishi la satelaiti, paneli za jua, kompyuta mbili na printa, halafu kinaunganishwa na shule moja ya Nairobi. Watu wa kijijini wanatuma maswali kwa barua pepe, sisi tunatafuta majibu na kuwarudishia. Muhula uliopita waliuliza nani ana kijiji ambacho kingefaa. Nikainua mkono. Nikataja Kyandulu, upande wa Kitui, kwao Mama, anakoishi Susu, mama yake Mama. Wakauliza kama kuna nyumba imara yenye bati na mtu mwaminifu aliyemaliza kidato cha nne. Nikaandika jina la Mwanzia, mume wa mama yangu mdogo Hannah, mwenye duka pale njia panda. Dishi liliwekwa juu ya duka lake mwezi wa nne.

Swali la leo: barua inafikaje mbinguni na kurudi kabla sijamaliza kupiga chafya?

Alhamisi, 11 Mei

Barua ya kwanza imefika! "Kwa mwanangu mpendwa Munyiva, natumaini barua hii itakukuta salama kama inavyoniacha mimi. Huku mvua imetupita kando. Kazi imeanza. Ni mimi baba yako mdogo, J. Mwanzia." Janice alicheka hadi akashika meza. "Itakukuta salama! Barua imetumwa dakika mbili zilizopita, ungekuwa umepatwa na nini?"

Mimi niliipenda.

Ijumaa, 12 Mei

Manyunyu. Hakuna barua.

Alhamisi, 18 Mei

Maswali kumi na moja. Dawa ya kupe. Bei ya fahali sokoni. Nani atacheza na nani Kombe la Dunia. Namna ya kupata leseni ya pikipiki. Tumejibu yote. Mwalimu Wachira alisoma majina ya waliouliza, akakuna kidevu. "Hawa wote ni wanaume."

Sikuwa nimeona. Nyumbani nilimwambia Mama, naye akasema akina mama wako shambani, ni wakati wa kupalilia. Nikatosheka.

Alhamisi, 25 Mei

Nimemwandikia Baba Mdogo Mwanzia: "Akina mama wa Kyandulu wanauliza nini?" Amejibu: "Akina mama wako salama kabisa. Wanawasalimu." Nimelisoma jibu mara nne. Ni jibu la swali lingine.

Ijumaa, 2 Juni

Leo Mwalimu Wachira alitupeleka, mimi na Janice, kwenye ofisi ya mradi katikati ya jiji. Lifti ilikuwa imeharibika, tukapanda ghorofa tano kwa miguu. Msimamizi anaitwa Bi Nyokabi. Ana miwani yenye kamba, na ukimwongelesha anakutazama kama mtu anayekusikiliza kweli. Ukutani ana ramani yenye pini tatu nyekundu, na moja ni Kyandulu. Nilijivuna kuiona.

Halafu akafungua faili. Kila kituo kina kitabu cha wageni, na kila anayetumia mashine anaandika jina. Kyandulu: wanaume themanini na wawili. Wanawake, sufuri.

"Hata mmoja?" Mwalimu aliuliza.

"Hata wa kuchungulia. Waliotupatia vifaa walitoa masharti, Mwalimu. Nusu wawe wanawake. Kuna kijiji kingine kimeomba, wanawake wake wamekuja hapa wenyewe wakapanda hizo ngazi. Mwisho wa Julai, kama Kyandulu ni hivi, namtuma fundi akaling'oe dishi." Akanigeukia. "Munyiva, wewe ndiye mtu wa huko. Shida ni nini?"

Nilisema nitajua. Nimesema kitu ambacho sina hakika nacho mbele ya watu wazima wawili na nusu. (Nusu ni Janice.)

Jumanne, 6 Juni

Nimewatumia akina mama wa Kyandulu habari za wadudu wa mbaazi, za kufuga nyuki na za kutibu macho mekundu ya watoto. Baba Mdogo amejibu kwamba amezichapisha na kuzibandika mlangoni kwa ndani.

Kwa ndani!

Jumanne, 13 Juni

Barua ishirini na tatu kutoka Kyandulu. Zote ni za mpira.

Jumapili, 18 Juni

Susu ana simu ndogo, lakini nyumbani kwake hakuna mtandao. Jumapili baada ya kanisa hupanda kilima kumpigia Mama. Leo niliomba simu.

"Susu, umeiona mashine?"

"Nimeiona, mwiitu wakwa, binti yangu. Ina sufuria kubwa juu ya nyumba. Nzuri sana."

"Ndani umeiona?"

"Nimeiona kwa mbali."

"Mbona huingii?"

Upepo ulivuma kwenye simu. Kisha akasema, "Mtu haingii tu mahali." Nilimuuliza kama anaogopa. Akacheka, na simu ikakatika.

Susu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Ndiye aliyesimama mbele ya mkuu wa wilaya akadai kisima. Haogopi vitu. Basi ni nini?

Alhamisi, 22 Juni

Janice ana nadharia. "Shosho yako anaringa tu. Wazee hawapendi vitu vipya. Wangu alikataa maikroweva miaka mitatu, saa hii hata chai ya Pastor anapashia humo." Kwao Spring Valley wana intaneti chumba cha kulala, kwa hiyo yeye huzungumza juu ya mashine kama watu wanavyozungumza juu ya mfereji wa maji.

Nilimkasirikia, halafu jioni nikajikuta nawaza vilevile. Kwamba Susu amezeeka. Kwamba nilimwona mkubwa kwa kuwa nilikuwa mdogo. Sipendi wazo hili, lakini Mwalimu alisema tuandike.

Ijumaa, 23 Juni

Wazo lingine, baya zaidi. Labda Baba Mdogo anawafukuza. Labda anataka mashine iwe ya marafiki zake na mpira wao. Sikumuuliza mtu. Nilimwandikia: "Baba Mdogo, kwa heshima, je, wewe ndiye unayewazuia akina mama wasiingie? Kama ni hivyo, dishi litang'olewa mwisho wa Julai na litakuwa kosa lako." Nikabonyeza kitufe. Barua ya karatasi ningeirarua kabla ya kufika posta.

Jumatano, 28 Juni

Kimya.

Jumatatu, 3 Julai

Kimya. Hata maswali ya mpira hayaji. Baridi imeshuka kabisa, na ukungu haukuondoka kwenye ua wa shule hadi saa nne. Mwalimu Wachira anauliza kila siku, "Kyandulu wanasemaje?" Sijamwambia nilichoandika.

Alhamisi, 6 Julai

Susu amekuja Nairobi! Macho yake yanatoa machozi, na Mama amempeleka hospitali kule Parklands. Amepewa dawa ya matone ya kutia mara tatu kwa siku. Amekuja na gunia dogo la mbaazi mbichi. Amelala kitanda changu, mimi chini. Nilitaka kumuuliza kuhusu mashine, lakini alikuwa amefumba macho kwa ajili ya dawa, na mtu aliyefumba macho ni vigumu kumhoji.

Jumamosi, 8 Julai

Leo nitaandika mengi, na kwa utaratibu, kwa sababu bado mambo yote yananizunguka kichwani.

Saa nne asubuhi Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wetu, anabambua mbaazi kwenye sinia. Mama alikuwa jikoni kwa wenye nyumba. Kihara, mlinzi wa lango, akaja. "Munyiva, kuna mtu wako kwa gate. Ameshika kitabu kama askofu."

Alikuwa Baba Mdogo Mwanzia. Amevaa koti la harusi, na chini ya kwapa ana kitabu cha wageni kimefungwa kwa gazeti. Hakunisalimu vizuri. "Nimekuja kwa sababu ya barua yako," akasema. "Sijamfukuza mtu. Kitabu hiki hapa, soma mwenyewe. Jambo kama hilo siwezi kulijibu kwa mashine."

Niliona haya mpaka masikioni. Sikujua lingine la kufanya ila kumkaribisha. "Karibu chai, Baba Mdogo. Hata Susu yuko…"

Sikumaliza. Tulikuwa tumeshapinda kona ya gereji.

Susu aliinua kichwa. Sinia likaanguka, mbaazi zikatawanyika kwenye saruji. Akavuta leso juu ya kichwa na uso, akainuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilipogeuka, Baba Mdogo naye alikuwa amenipa mgongo. Amesimama mbele ya gari la wenye nyumba, karibu sana, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Nilidhani kuna msiba. Halafu nikadhani wamegombana.

"Baba Mdogo, mmekosana?"

"Hapana!"

"Sasa ni nini?"

"Mwiitu, niondoe hapa kwanza."

Kihara alikuwa ametufuata kwa udaku. "Sasa wewe, huyu mgeni wako mbona anaongea na gari?"

Kutoka ndani, sauti ya Susu, tulivu kabisa: "Munyiva! Muulize mgeni wetu kama amekula."

Wote tulisikia. Hata hivyo Baba Mdogo alingoja mpaka nikamuuliza. "Mwambie nimekula, asante," akaliambia gari. "Na macho yanaendeleaje?"

"Susu, anauliza macho yanaendeleaje."

"Mwambie yanaona kidogo. Watoto je?"

"Baba Mdogo, watoto je?"

Nilikwenda na kurudi kati ya mlango na gari, nikibeba maneno ambayo kila mtu alikuwa ameyasikia, huku nikikanyaga mbaazi. Hakuna aliyecheka ila Kihara, na mwishowe hata yeye aliacha.

Nilimpeleka Baba Mdogo kwenye kibanda cha Kihara, nikampa chai; akaniambia alidhani Susu bado yuko hospitali. Kisha nikarudi kwa Susu, nikaketi kitandani, nikamwomba anieleze kama mtu anayemweleza mgeni.

"Yule ni mkwe wangu," akasema. "Amemwoa Hannah. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaketi nyumba moja. Kwetu tunaita nthoni. Ni heshima. Mama yako hakukufundisha?"

"Nyumbani kwetu hapa hakuna mkwe, Susu."

Akafikiria hilo. "Kweli. Hakuna."

"Ndiyo maana huingii dukani?"

"Kununua sukari namtuma mtoto. Lakini mashine yenu mlisema kila mtu aingie mwenyewe, aandike jina mwenyewe. Nitaingiaje chumba anachokaa? Na si mimi tu. Wanawake wote wa rika langu ni mama wakwe zake. Na sisi tusipoingia, hao wadogo wataingiaje mbele yetu?"

"Kwa nini hukuniambia nilipokuuliza kwenye simu?"

"Uliniuliza kwa nini siingii. Hukuniuliza nani amekaa ndani." Akapangusa macho. "Na nilidhani unajua. Si wewe uliyemweka? Tulikaa kikundini tukasema, Nairobi wamemchagua Mwanzia, kati ya watu wote, basi wameamua mashine ni ya wanaume. Tukaheshimu."

Tukaheshimu. Nimeandika neno hilo na kulitazama. Miezi mitatu sisi tulidhani wamekataa, kumbe wao walidhani wamekatazwa. Na aliyewakataza ni mimi, kwa mkono wangu, kwa hati nzuri, kwenye fomu.

Nilirudi langoni nikamwomba Baba Mdogo msamaha. Nikamuuliza kwa nini naye hakuandika.

"Ningeandika nini?" alisema. "Barua zile zinasomwa na shule nzima. Nimtaje mama mkwe wangu kwenye kompyuta, watoto wasome?"

Jumapili, 9 Julai

Mama hakujua kabisa. Alidhani mashine iko shule ya msingi. "Wewe! Ulimtaja mkwe wa watu?" Kisha akacheka mpaka akaketi, kisha akaacha kucheka. "Lakini mimi nami sikuuliza. Nilifurahi tu umeitwa ofisini."

Jumatano, 12 Julai

Nilimweleza Mwalimu Wachira kila kitu, pamoja na barua mbaya, naye akanipeleka tena kwa Bi Nyokabi. Janice alikuja pia. Njiani alisema, "Kumbe siku ile ya mlango na gari wewe ndio ulikuwa dishi." Halafu, baadaye sana, tukiwa ngazini, "Shosho yako haringi. Pole."

Bi Nyokabi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa fomu ya ripoti. Kuna mahali pameandikwa *Sababu za wanawake kutotumia kituo*, na visanduku: umbali, kutojua kusoma, kazi za nyumbani, kukosa hamu. Cha mwisho ni *nyinginezo*, chenye mstari mfupi.

"Andika hapo," akaniambia.

Mstari ulitosha neno moja. Nikaandika: *Mkwe.*

Aliusoma. "Nakuamini, Munyiva. Lakini waliotupatia vifaa wataangalia kitabu, hawataangalia mstari huu. Fundi amepangiwa tarehe ishirini na nane. Kama kitabu kitakuwa kimebadilika, anipigie simu kabla hajagusa kitu."

Siku kumi na sita.

Alhamisi, 13 Julai

Nilidhani Susu angehuzunika. Aliuliza tu, "Hannah anaweza kukaa kwenye hiyo mashine?"

"Hajui kuitumia."

"Mume wake anajua."

"Lakini Susu, kama Baba Mdogo hayuko ndani, nani atamfundisha Hannah mkiwa mmejaa?"

"Wewe tia dawa," akasema, akalaza kichwa nyuma. Nilimtia tone moja kila jicho. Sikuelewa alichopanga, na nadhani hata yeye alikuwa bado anakipanga.

Jumamosi, 15 Julai

Susu amerudi Kyandulu. Baba Mdogo alikuwa ameondoka siku tatu kabla, ili wasipande basi moja.

Alhamisi, 20 Julai

Hakuna barua.

Jumatatu, 24 Julai

Mtihani wa hisabati. Hakuna barua. Mwalimu anasema labda jua halijatosha kwa paneli. Hapa ni ukungu tu, nasahau kwamba mahali pengine kuna jua.

Ijumaa, 28 Julai

Leo ndiyo siku. Katika mtihani wa jiografia nilichora ramani ya Kenya, na bila kufikiri nikaweka nukta pale Kyandulu, ambapo hakuna aliyeniomba niweke kitu. Hannah angekuwa ameandika kama kuna jambo. Au hajui kutuma. Au dishi limeshashuka na ndiyo maana kimya. Siwezi kujua lipi, kwa kuwa yote matatu kwangu yanafanana.

Jumamosi, 29 Julai

Jumamosi shule imefungwa. Nilibambua mbaazi za mwisho. Nyingine zilikuwa bado chini ya gari.

Jumatatu, 31 Julai

Nilifika maktaba, iliko kompyuta ya kilabu, kabla ya kengele. Mwalimu Wachira alikuwa ameshafungua kompyuta, akanipisha kiti. Barua ya Kyandulu ilikuwa imefika; ninainakili yote.

"Mwiitu wakwa Munyiva. Ni mimi Susu wako. Anayeandika ni Hannah, anatafuta herufi kama mtu anayechagua mawe kwenye ndengu, kwa hiyo nitasema kidogo.

Ijumaa fundi alikuja na ngazi. Alitukuta ndani wanawake ishirini na sita. Wote wameandika majina, na Nzula ambaye hajui kuandika ametia kidole. Mkwe wangu alikuwa nje, nyuma ya ukuta, amewatazama mbuzi. Alikuwa anapaza sauti, 'Mwambieni abonyeze mara mbili!' Hannah anajibu, 'Nimebonyeza!' Naye, 'Za haraka!' Wiki mbili tumesoma hivyo. Fundi aliuliza kama yule mtu ni mgonjwa. Nikamwambia, yule ndiye mwalimu.

Fundi akasema ametumwa kung'oa. Nzula akamwambia, panda, lakini sisi hatujamaliza, keti kwanza. Akaketi. Tukampa sahani ya muthokoi. Tulikuwa tunasoma habari ya wadudu wa mbaazi, ile uliyotuma zamani, kumbe ilikuwa mlangoni kwa ndani siku zote hizo. Jioni fundi akapanda kilima kupiga simu. Aliporudi, akafunga ngazi juu ya gari, akaondoka. Amesema mpaka Desemba, halafu watahesabu tena.

Sasa nina swali, la kwanza, na Hannah ameliandika kitabuni. Wanasema ndani ya mashine hii kuna watu wa dunia nzima. Je, kati yao hakuna mtu ambaye sipaswi kukutana naye? Nitamjuaje, ili nigeuke?"

Mwalimu Wachira alikuwa amesoma nyuma ya bega langu. Nilimtazama. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena.

"Swali ni lako," akasema.

Janice naye alikuwa ameingia na kusoma, akanisukumia daftari langu.

Kengele ililia. Nimeandika: "Susu wangu mpendwa, natumaini barua hii itakukuta salama kama inavyoniacha mimi. Sijui. Nipe muda nitafute." Kisha nimefungua ukurasa mpya wa daftari hili, nikaliandika swali lake juu kabisa, pamoja na tarehe, na chini nimeacha nafasi kubwa.